Wanachuo na mpira, muziki na habari: jibu langu kwa mzee aliyeuliza

Shikamoo mzee. Umeuliza kama wanachuo wa sasa tuna mazungumzo mengine zaidi ya Simba, Yanga na wasanii, na kama kijana wako anayeanza chuo mwezi wa kumi atakuwa anafuatilia habari za nchi au za usajili tu. Mimi niko mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Chumbani tuko wanne: Yanga wawili, Simba mmoja ambaye ni mimi, na jamaa anayejiita Arsenal ili asisumbuliwe na upande wowote. Nitajibu kwa ninayoyaona hapo.

Nianze na mpira kwa sababu ndio uliokuudhi. Mzee, ubishi wa mpira hosteli si kelele kama unavyosikika ukiwa nje ya mlango. Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023. Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger ya Algeria kwenye Uwanja wa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, jumla ikawa 2-2 na kombe likabaki Algeria kwa faida ya magoli ya ugenini. Mpaka leo wale Wananchi (ndivyo Yanga wanavyojiita) wawili wa chumbani wanasema hawakufungwa, walinyimwa na kanuni. Ukitaka kuwajibu, lazima ujue kanuni yenyewe, ujue na mshambuliaji wao Mayele aliondoka na magoli mangapi msimu ule (saba, kinara wa mashindano), la sivyo utazomewa. Wao nao wakinigeukia, wananiletea fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba ilipotoka sare ugenini na Stella Abidjan halafu ikaja kufungwa 2-0 nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezaliwa, lakini ushahidi tunao.

Kilele kilikuwa Machi 2025. Dabi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 iliahirishwa siku yenyewe ya mechi, baada ya Simba kusema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo. Siku ile hosteli nzima ilikuwa inasoma kanuni za Ligi Kuu kwenye simu. Watu ambao muhtasari wa kozi wameupokea tangu wiki ya kwanza na hawajaufungua walikuwa wanataja vifungu kwa namba. Jamaa mmoja wa sheria, ghorofa ya chini, mpole, hajulikani, akawa anaitwa vyumbani kama shehe wa kusoma dua. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na ubingwa wakachukua. Lakini ile Machi niliona wanachuo wakifanya kile ambacho wahadhiri wanatulilia tufanye: kusoma chanzo chenyewe, kulinganisha na alichosema mwingine, kuuliza nani ana mamlaka ya kuamua.

Sasa ndiyo nije kwenye wasiwasi wako, ambao nadhani ni wa kweli ila umeuweka mahali pengine. Karibu kila muhula, kwenye magrupu ya WhatsApp huingia picha ya tangazo: nembo ya Bodi ya Mikopo, muhuri, saini, maneno mazito. Boom limetoka, bonyeza hapa uhakiki namba yako. Boom, kama hulijui, ni pesa ya kujikimu ya mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na mtu aliyeishiwa anaisubiri kwa macho mekundu. Tangazo la uongo linazunguka darasa zima kabla chai haijapoa. Anayelisambaza ni yuleyule aliyetaka kuona kila pembe ya kamera kwenye goli la Mukwala, mshambuliaji wetu wa Simba, lile VAR ililolikataa Zanzibar kwenye fainali yetu ya Kombe la Shirikisho na Berkane ya Morocco, Mei 2025. Nilimuuliza tangazo kalitoa wapi. Akasema, "Si limo kwenye grupu la darasa?"

Nimefikiria kwa nini mtu mmoja awe na akili mbili. Jibu langu ni kwamba kwenye mpira kuna mtani. Ukisema jambo leo, kesho kuna mtu anakusubiri mlangoni alirudie mbele ya watu. Mimi nakumbushwa tarehe 5 Novemba 2023 kila nikifungua mdomo (Yanga walitufunga 5-1, tuiache hapo). Kwa hiyo unapima kabla ya kusema. Kwenye habari hakuna mtani. Umesambaza kwamba waziri fulani kajiuzulu, hajajiuzulu, wiki inapita, hakuna anayekudai. Zamani wakubwa zetu walisimama kwenye meza ya muuza magazeti wakasoma vichwa vya habari bure, na angalau pale kila gazeti lilikuwa na jina lake juu. Sisi habari inatufikia kama kipande cha video cha sekunde thelathini kilichokatwa mwanzo na mwisho.

Muziki nitaupitia haraka, isipokuwa singeli. Ubishi wa Diamond, Harmonize na Alikiba umekuwa wa kuhesabu watazamaji wa YouTube, na mimi umenichosha; mtu anatetea namba, wimbo wenyewe hajausikiliza mara mbili. Na amapiano imeingia kwenye bongo fleva mpaka nyimbo zinafanana, hilo nasema waziwazi na wenzangu wananiita mzee. Samahani, mzee.

Singeli ndiyo inayonifundisha kitu kuhusu sisi wasomi. Muziki umezaliwa uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kwa vijana waliokuwa wanachukua vipande vya taarab na kuvikimbiza mpaka mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Wanachuo wengi walikuwa wanauita wa kihuni. Lebo ya Kampala, Nyege Nyege, ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso mwaka 2017 na vijana wale wakaanza kupanda majukwaa ya Ulaya, wasomi wakagundua kumbe ni utamaduni. Mimi nimekulia Manzese. Mashine ileile, mdundo uleule, kilichobadilika ni nani kasifia.

Kubeti je? Hilo ndilo ningemuonya kijana, kuliko ushabiki. Ushabiki unakula muda, mkeka (orodha ya mechi unazobetia) unakula boom. Nimeona mtu anaweka timu kumi na mbili usiku wa siku ya kusaini boom, mkeka unachanwa na timu moja ya daraja la pili Uturuki ambayo hata jina hawezi kulitamka, na mwezi mzima uliobaki ni chipsi kavu za kuomba.

Kwa hiyo usimkataze kibanda umiza, pale tunapolipa kutazama mpira kwenye TV. Mia tano yake ya kuingia itamrudishia marafiki wa vitivyo vyote. Chumbani kwetu tumeweka utaratibu ambao sijui kama utadumu: ukileta habari, useme umeitoa wapi, na ukishindwa, chapati za asubuhi ni juu yako, na utani juu. Habari iwe ya boom, ya bungeni au ya mchezaji kutoka Burkina Faso anayedaiwa kutua usiku huu. Mpaka sasa anayenunua zaidi ni yule wa Arsenal, kwa sababu ya habari za usajili. Wananchi wawili hawajanaswa hata mara moja, jambo linaloniuma kuliko fainali ya Zanzibar.