Maswali ya Wasomaji kuhusu Lishe: Je, Afya Njema Yawezekana Bila Nyama?

Swali: Kwa Mshauri wa Lishe, pokea salamu kutoka Nyalenda, Kisumu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu mimi na mume wangu tumeacha kupika nyama, kwanza kwa sababu ya mafundisho ya kanisa letu la Waadventista, na pili kwa sababu bei za bucha zimetushinda. Tunakula ugali, maharagwe, ndengu na mboga za kienyeji, na maziwa yakipatikana. Kuhusu samaki bado hatujakubaliana. Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana, anasisitiza kwamba mtu hawezi kupata damu wala nguvu bila nyama, na kwamba ninawadhulumu wajukuu wake. Binti yangu ana miaka 14, wa pili ana miaka 8, na kitinda mimba ana miezi 10 na bado ananyonya. Je, mama anasema kweli?

Jibu: Mama, nyama si chakula cha lazima kwa mtu mzima mwenye afya, na hilo ninalisema bila kusita. Hata hivyo mama mkwe wako hajakosea kabisa, kwa kuwa nyama hubeba kwa pamoja virutubisho kadhaa ambavyo mtu akiiacha hana budi kuvitafuta kwingine kwa makusudi. Nyumbani mwako yupo mmoja ambaye wasiwasi wa bibi unamhusu kuliko wengine wote, naye ni huyo wa miezi 10.

Nianze na nguvu, yaani protini, kwa sababu hapa hofu ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Mtu mzima huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi, na anayenyonyesha kama wewe huongezewa. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu zipatazo 15, glasi ya maziwa gramu 8, yai moja gramu 6, na robo kilo ya unga wa mahindi, ambao wengi hudhani hauna kitu, ina gramu 20 hivi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, ilhali maharagwe yana laisini tele, na kile ambacho maharagwe yanakosa mahindi yanacho. Ndiyo maana nyoyo, yaani mahindi yaliyopikwa pamoja na maharagwe, ambayo wengine huiita githeri, ni chakula kamili kuliko heshima tunayokipa. Mezani pa familia nyingi za huku, shida ninayoiona si kukosekana kwa nyama bali ni mlima wa ugali uliowekewa vijiko viwili vya mboga, na shida hiyo haitatuliwi na vipande vitatu vya nyama siku ya Jumapili.

Suala la damu ni zito zaidi. Madini ya chuma yaliyo katika nyama na samaki hufyonzwa na mwili kwa urahisi, lakini yale ya maharagwe, ndengu na mboga hufyonzwa kwa shida, kwa sababu nafaka na kunde zina faiteti inayoyashikilia. Kuna mambo yanayosaidia sana. Loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji hayo. Acha unga wa uji wa wimbi uchachuke kabla ya kupika. Katika mlo huohuo weka kitu chenye vitamini C, kama kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu, au chungwa, paipai ama pera baada ya chakula. Chai nayo isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa tanini zake huzuia chuma kufyonzwa. Subirini saa moja au zaidi. Ninajua kwamba mboga za kienyeji kama osuga, dek na mito hulainishwa kwa magadi katika nyumba nyingi, lakini magadi huharibu vitamini C, ndiyo kusema mboga yenye faida kubwa inafika mezani ikiwa imepoteza sehemu ya faida hiyo. Kuhusu bitiruti ambayo watu hunywa ili waongeze damu, rangi yake nyekundu isiwahadae, kwa maana chuma chake ni kidogo na maharagwe yanaishinda kwa mbali.

Binti yako wa miaka 14 afuatiliwe kwa karibu, maana msichana aliyeanza hedhi huhitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, ilhali baba yake anahitaji 8 tu. Akilalamika kwamba anachoka upesi, au viganja vyake na ndani ya kope vikipauka, mpeleke akapimwe damu. Hapa ninaomba mama mkwe wako anisikilize pia: katika maeneo ya ziwa, mtoto anayepungukiwa na damu huenda ana malaria, minyoo au selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, na kumwekea nyama sahanini huku malaria ikiachwa bila tiba ni kumchelewesha. Neti yenye dawa inalinda damu ya watoto kuliko kilo ya nyama.

Kitu ambacho hamwezi kukipata kabisa katika mimea ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, na hutufikia kupitia nyama, samaki, maziwa na mayai. Ikipungua, mtu hupata upungufu wa damu wa aina nyingine, ganzi miguuni na mikononi, na baadaye madhara ya mishipa ya fahamu ambayo pengine hayaponi. Ini la mtu mzima huweka akiba ya miaka kadhaa, na hilo ndilo linalowadanganya wengi kwamba hakuna lililopungua. Wewe unayenyonyesha unahitaji mikrogramu 2.8 kwa siku, na glasi mbili za maziwa pamoja na yai moja zinakufikisha hapo au karibu sana. Kwa hiyo usemapo “maziwa yakipatikana” ninashtuka kidogo. Katika nyumba isiyopika nyama, maziwa na mayai yapangiwe fedha kama unavyopangia unga, kwa sababu mtoto anayenyonya huitegemea B12 iliyo katika maziwa ya mama yake.

Sasa nimfikie huyo mdogo. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma ambayo huelekea kwisha akifika miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kutosha kuziba pengo hilo. Kati ya miezi 7 na 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku. Tazama, ni zaidi ya mahitaji ya baba yake, na tumbo lake ni dogo kama ngumi. Kumpatia kiasi hicho kwa maharagwe na mboga peke yake ni kazi ngumu mno, na maziwa ya ng'ombe hayasaidii kwa sababu chuma chake ni kidogo sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wale nyama, samaki au mayai kila siku. Desturi yetu hufanya kinyume: minofu huwekewa baba na wageni, mtoto akamiminiwa mchuzi kwenye ugali kwa imani kwamba nguvu imo mle, ilhali sehemu kubwa ya protini na chuma imebaki kwenye nyama yenyewe. Jambo hili linaniumiza kila ninapolikuta, na linafanyika hata katika nyumba ambazo nyama haikosekani.

Ndiyo maana ningewasihi wewe na mume wako muamue kuhusu samaki mapema. Omena, yaani dagaa wa ziwani, ni samaki mwenye magamba, hivyo sioni kwamba mafundisho ya kanisa lenu yanamkataza, na hupimwa kwa gorogoro katika soko la Kibuye kwa bei nafuu kuliko nyama. Huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo hutoa protini, chuma, zinki, B12 na kalisi kwa wakati mmoja. Wachambue, waoshe vizuri, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, uwasage wawe unga laini, kisha tia kijiko kimoja kwenye uji au viazi vilivyopondwa vya mtoto. Mkiamua kwamba hata samaki hamtaki, mtoto apate yai kila siku, na umwombe mhudumu wa kliniki akushauri kuhusu chuma cha nyongeza. Usimnunulie dawa ya chuma bila kuambiwa kipimo, kwa sababu ikizidi ni sumu.

Huenda mama mkwe akataka ushahidi wa hapa kwetu, nao upo. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California pamoja na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwafuatilia wanafunzi wa shule 12 za msingi huko Embu. Baadhi walipewa githeri iliyotiwa nyama, baadhi githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula hicho shuleni. Waliokula nyama waliongezeka misuli na wakapata maendeleo makubwa zaidi katika jaribio la kufikiri. Waliokunywa maziwa, hasa wadogo waliokuwa wamedumaa, walirefuka zaidi. Na kiwango cha B12 kilipanda katika makundi yote mawili. Ni ushahidi mzito, na mtu asiupuuze kwa sababu tu anapenda mboga. Hata hivyo watoto wale walikuwa wakiishi kwa mahindi na maharagwe, huku vyakula vitokanavyo na wanyama vikiwa haba, kwa hiyo utafiti huo hausemi kwamba mtoto mwenye maziwa, mayai na omena kila siku atabaki nyuma.

Upande wako nao una ushahidi wake, tena kutoka kwa Waadventista wenzako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda wamewafuatilia waumini zaidi ya 96,000 wa Marekani na Canada tangu mwaka 2002, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, wasiokula nyama au walioila kwa nadra walikuwa na vifo vichache kwa takriban asilimia 12 kuliko waumini wenzao walaji wa nyama. Waliokula samaki bila nyama walikuwa miongoni mwa waliofanikiwa. Kumbuka tu kwamba hao ni watu wazima wa nchi tajiri, wenye maduka yaliyojaa vyakula vilivyoongezwa B12, na hali yao haiwezi kuhamishiwa kwa mtoto wa miezi 10 wa Nyalenda.

Swali: Mimi ni kijana wa miaka 23, mkazi wa Lanet, Nakuru, na ninainua vyuma. Kwa sababu ya kuwahurumia wanyama nimeacha nyama, samaki, maziwa na mayai. Wenzangu wananiambia kwamba sitajenga misuli. Je, nirudi nyuma?

Jibu: Si lazima urudi, ndugu yangu, na huruma yako ninaiheshimu. Anayeinua vyuma huhitaji kati ya gramu 1.2 na 2 za protini kwa kilo moja ya uzito, kwa hiyo ukiwa na kilo 70 ulenge gramu 84 hadi 140. Gramu 100 za soya kavu zina gramu 36 hivi za protini, njugu karanga 25, na maharagwe makavu zaidi ya 20. Utakula kwa wingi kuliko wenzako, na tumbo litachukua majuma machache kuyazoea maharagwe, lakini misuli itajengeka.

Lisilo na mjadala ni B12. Kwa kuwa umeacha hata maziwa na mayai, meza vidonge vyake kwa utaratibu ambao mfamasia atakupangia, na uendelee navyo maadamu unaendelea na mlo huo. Usitegemee mwani unaouzwa kama unga wa kijani, kwa sababu vitamini iliyomo sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii. Unga wa mahindi wa pakiti unatakiwa kisheria uongezwe vitamini na madini, B12 ikiwamo, lakini ule unaosagiwa kwenye posho mill ya mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu, na hata huo wa pakiti peke yake haukutoshi. Kwa kalisi kula sukuma wiki, wimbi na simsim, na upikie chumvi iliyotiwa madini ya joto.

Swali: Nina miaka 58, ninaishi karibu na Kakamega, na nina shinikizo la damu. Daktari ameniambia nipunguze nyama nyekundu. Kwetu mgeni haondoki bila kuku. Je, niache nyama zote?

Jibu: Mzee wangu, kuku hayumo katika nyama nyekundu, hivyo mgeni wako ataendelea kuheshimiwa, ila kuku huyo mwondoe ngozi na upunguze mafuta ya kupikia. Nyama nyekundu ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Mashirika ya kupambana na saratani hushauri isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, zikipimwa baada ya kupikwa, na ninakiri kwamba kiasi hicho huweza kwisha kwenye matanga ya siku moja. Ningekuwa mkali zaidi kuhusu soseji, smoki na nyama nyingine zilizosindikwa, ambazo mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Kwa ugonjwa wako zina ubaya mwingine, nao ni chumvi nyingi. Chumvi yote ya siku nzima isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile unayochovyea nyama choma. Siku zisizo na kuku pika kunde, mbaazi au njugu mawe. Dawa za shinikizo usiziache hata vipimo vikishuka, mpaka daktari aliyekuandikia akwambie mwenyewe.