Ukishapata cheo, tafuta mtu wa kukukatalia

Mkuu, hongera kwa uteuzi. Umeuliza ufanyeje ili huo ukuu wa idara hapo halmashauri usikupande kichwani, maana umeshaona wenzako walioteuliwa wakaanza kupita watu bila hata salamu. Wachangiaji wengi wamekushauri usali na usisahau ulikotoka. Naunga mkono. Ila mimi nimekuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni kwa miaka mingi hadi nimestaafu, na kuna jambo sijaona mtu amelitaja: cheo huwabadilisha waliokuzunguka kabla hakijakugusa wewe.

Nilipokuwa bado mgeni pale shuleni, nilikuwa naletewa chakula cha mchana ofisini, sahani imefunikwa kwa kawa. Maharage masafi, yameungwa vizuri kwa kitunguu na nyanya. Siku moja nikaenda mwenyewe jikoni wakati wanafunzi wamepanga foleni. Kwenye sufuria lao maharage yalikuwa yamebunguliwa, wadudu wanaelea juu ya mchuzi. Mpishi hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwagiza anichambulie yangu pembeni, aliona tu kwamba ndivyo mkuu wa shule anavyostahili. Mtunza stoo alijua mzigo wa mzabuni ni mbovu, mwalimu wa zamu alijua, wanafunzi wote walijua. Mimi niliyekuwa nasaini malipo ya mzabuni ndiye niliyekuwa sijui.

Magunia yakarudishwa. Tangu hapo nikawa nakula kutoka sufuria la wanafunzi, bila kutangaza siku, kwa sababu ukitangaza watapika vizuri siku hiyo tu. Wapo walioona ni kujishusha kupita kiasi. Kwangu ilikuwa njia ya kujua ninasaini nini. Hapo idarani kwako kutakuwa na maharage ya namna hiyo: gari, mafuta, posho za safari, foleni ya wananchi pale mlangoni kwa katibu muhtasi. Nenda ukaangalie mwenyewe, na usingoje taarifa ya maandishi.

Vikao navyo. Mkuu akitoa maoni yake kwanza, kikao kimekwisha. Walimu wataunga mkono hoja, halafu ya kweli yatasemwa kwenye chai. Nikaweka utaratibu kwamba kila ajenda anaanza kuizungumzia mwalimu aliyeajiriwa karibuni, na mimi nasema mwisho. Mwanzoni walikuwa wanatazamana tu. Waliamini siku mwalimu mmoja wa kike, mgeni kabisa kazini, aliposema ratiba yangu ya masomo ya jioni inawanyima wasichana nafasi ya kuoga na kufua kabla maji hayajafungwa. Alikuwa anaongea huku anatazama daftari lake. Ratiba ikabadilishwa hapohapo, na kwenye muhtasari likaandikwa jina lake kwamba yeye ndiye aliyeleta hoja. Baada ya hapo sikuhitaji kuwabembeleza wengine waseme.

Hapa watu humtaja sana Mwalimu Nyerere, na ni haki yake. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi kukijenga chama. Mwaka 1966, alipokabiliana na wanafunzi wa chuo kikuu waliopinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Lakini mimi navutiwa zaidi na Azimio la Arusha la 1967. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hakuwaomba viongozi wawe na mioyo mizuri, aliwawekea masharti. Na masharti hayo yalipolegezwa na chama kwenye kikao chake kule Zanzibar mwaka 1991, wenye umri wangu tuliona wenyewe kilichofuata.

Hata hivyo, nchi hiyohiyo ilikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mtu anaweza kuishi maisha ya kawaida kabisa, asijilimbikizie chochote, na bado walio chini yake wakaogopa kumwambia hapana. Nampenda sana Mwalimu, na kwa sababu hiyo naona hili lazima lisemwe: kuishi kawaida ni jambo moja, kukubali kupingwa ni jingine, na la pili ni gumu zaidi.

Angalia pia unyenyekevu wa kujionyesha. Ukienda msibani ukapewa kiti cha mbele, kaa. Ukikataa mara tatu huku wazee wamesimama wanakusihi, umeshageuza msiba wa watu kuwa wako. Kaa, toa pole, kisha nyanyuka ukasaidie kubeba maji au kuchimba na wenzako. Kijijini watakushangaa pia ukija na bodaboda, mjomba atakuuliza bosi mzima gari liko wapi. Mwambie gari ni la ofisi. Atakasirika kidogo, atazoea.

Umeuliza mwisho kama uwaambie wenzako waendelee kukuita kwa jina la utani kama zamani. Usiwapangie. Atakayekuita mkuu, itika. Atakayekuita la zamani, itika vilevile. Kazi yako wiki ya kwanza iwe kumwita mhasibu wa idara, mbele ya wenzake, umwambie malipo yoyote yasiyo na viambatanisho asiyapitishe hata kama ni wewe uliyeyaomba. Halafu siku atakapokukatalia kweli, rudi mezani kwako ukatafute hizo risiti.