Kontena halionekani? Maswali yenu kuhusu LXC na LXD, programu za Linux za kuendesha makontena (mifumo midogo iliyotengwa ndani ya seva moja)

Jana niliunda makontena matatu, leo `lxc-ls` haionyeshi hata moja. Yamefutwa?

Hayajafutwa. Uliyaunda kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), sasa unayaulizia bila `sudo`. Ya root yanakaa `/var/lib/lxc`, ya mtumiaji wa kawaida `~/.local/share/lxc`, na amri hiyo hutazama upande mmoja tu. Jamani, swali hili haliishi! Kabla hujaniandikia, jaribu `sudo lxc-ls --fancy`.

`docker ps` haioni makontena yangu ya LXD.

Wala haitayaona. Docker ni programu nyingine ya makontena, inahesabu ya kwake.

Kuna `lxc-ls`, `lxc list` na `incus list`. Nishike ipi?

Ile ya programu uliyoweka. Yenye kistari ni ya LXC yenyewe, ya tangu 2008. `lxc list` ni ya LXD. Incus ilichipuka kutoka LXD mwaka 2023, Canonical (kampuni ya Ubuntu) ilipoichukua LXD iwe chini yake. Ukiniandikia "natumia lxc" tu, sijui nikujibu lipi.

Niliandika `lxc list db -c n -f csv | xargs lxc delete --force` nifute `db`. Imeondoka na `db-wateja`!

Pole, lakini amri imefanya ulichoiambia. Neno tupu kama `db` huchukua kila jina linaloanza hivyo. Ukitaka hilo moja tu, andika `^db$`. Na orodha ya nini hapo, wakati jina unalijua? `lxc delete db` ingetosha, tena bila `--force` ingekataa kufuta kontena linalofanya kazi. Snapshoti za `db-wateja` (kumbukumbu za hali yake ya awali) nazo zimekwenda pamoja nalo, kwa hiyo kama hukuwa na nakala mahali pengine, huna.

Nataka yanayofanya kazi tu, jina na IP, kwa ajili ya skripti.

Kwa macho: `lxc list status=running -c n4`. Kwa skripti, `-f json` kisha `jq`, programu ya kuchambua JSON. Kontena lenye anwani mbili huzipanga kwenye mistari miwili ndani ya safu moja, hata kwenye CSV, na hapo `awk` yako, inayosoma mstari mmoja mmoja, inavurugika.

Naweza kuacha `sudo` kwenye `lxc list`?

Ingia kundi la `lxd`. Ila aliye ndani ya kundi hilo ana root ya seva nzima: anaweza kupachika `/` ya seva ndani ya kontena na kuandika atakavyo. Kama kuna mwanafunzi wa field mliyemwongeza "aone orodha tu", mtoeni leo.