Mdogo wangu, usifunge duka kwa ajili ya akhera

Assalaam alaykum wapendwa.

Kuna kijana kaniandikia wiki hii. Anauza kava na chaji za simu kwenye kibaraza cha duka la mtu pale Kariakoo. Ujumbe wake mrefu, ila kiini chake ni hiki: "Dada, moyo wangu umekufa. Alasiri inanipita nikiwa nambembeleza mteja aongeze elfu moja. Nataka niuze mzigo wote, nikakae msikitini nisome dini. Riziki anatoa Mungu. Unanishauri nini?"

Nilicheka kidogo, maana mwishoni kaniuliza kama namjua mtu wa kununua mzigo wote kwa mkupuo, na akasisitiza bei isiwe ya kutupa. Biashara haijamtoka hata chembe.

Jibu langu: usiuze. Na mnaonisoma siku zote mnajua kwamba sijibu bila kusimulia.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa na duka Tanga, huko Ngamiani kwenye barabara za namba. Unga, mafuta ya taa, sukari ya kupima, sabuni za mche. Ijumaa adhana ikilia anafunga, hata mteja akiwa na hela mkononi. Swala ikiisha, anafungua kabla wenzake hawajamaliza kutafutana viatu mlangoni mwa msikiti. Walimsema sana. Mzee hata dua hangoji, mzee dunia imemkolea. Yeye akiwajibu kwa Surat al-Jumua: aya ya 9 inasema acheni biashara mkaswali, ya 10 inasema swala ikimalizika tawanyikeni katika ardhi mtafute fadhila za Mwenyezi Mungu. "Mimi nimefuata zote mbili," anasema, "nyinyi mmeishia ya kwanza."

Siku alipofariki, kaka yangu alisimama mbele ya jeneza kama ilivyo ada yetu, akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa familia, na mwenye kuweza kusamehe asamehe. Sisi wanawake tulikuwa ndani tunasikiliza kwa kipaza sauti. Nakumbuka mama alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na lile daftari la kaunta, jalada lake limelowa mafuta ya nazi mpaka pembe zimekuwa laini. Ukurasa wa kushoto wanaomdai, wa kulia anaowadai. Kila deni lililolipwa limepigwa mstari na tarehe pembeni. Upande wa kushoto ulikuwa na mstari mmoja tu usiokatwa: muuza maziwa, lita mbili. Tulimwita jioni ile ile. Mwenyewe alikuwa ameshasahau. Nyuma kabisa ya daftari, kwa mwandiko wake, palikuwa na wasia.

Yule waliyemwita mtu wa dunia aliingia kaburini akidaiwa lita mbili za maziwa. Huwa nawauliza watu: wewe ukiondoka leo usiku, kaka yako akisimama pale mbele, foleni itafika wapi?

Naandika haya na furaha yangu, nisiwafiche. Mwezi uliopita nimemaliza deni langu la mwisho la mzigo. Tangu nilipochukua fremu yangu Kariakoo, nikiuza abaya, madera na kanzu za watoto, ndiyo mara ya kwanza sidaiwi na mtu. Miaka ya katikati siisimulii, kila mfanyabiashara anaijua. Nilipitia msimu ambao mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ilikuwa inanipigia hodi mlangoni na sikufungua. Alhamdulillahi. Wapo waliosema sitaweza bila riba. Leo nawaona, nawasalimia vizuri tu.

Sasa niseme linaloniuma, maana ndilo limenifanya nimjibu kijana hadharani.

Kuna baba mmoja, mtu wa safu ya mbele, sugu ya sijda kwenye paji la uso, mwenye kuheshimika. Mwezi wa Shaaban alichukua kwangu mali kauli, abaya na kanzu za milioni nne na ushee, akauze mikoani. Tukaandikiana, mashahidi wawili, tulipane baada ya Idi. Idi ikapita. Ikaja ya Mfunguo Tatu nayo ikapita. Simu hapokei. Nikakutana naye nje ya darsa, nikamkumbusha kwa adabu, pembeni kabisa. Akanijibu kwa sauti ya watu wote kusikia: "Dada yangu, mbona dunia imekushika hivi? Haya ni mambo ya kupita. Tutalipana akhera."

Watu wakatabasamu. Mimi nikaonekana ndiye mwenye uchu.

Angekuwa hana, ningemsubiri. Surat al-Baqara aya ya 280 naijua: mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda, na kumsamehe ni kheri zaidi. Lakini huyu baba kabadilisha gari. Wanaoniambia nisamehe nawajibu kwamba nitasamehe akiniomba. Hajaniomba.

Na hilo la kulipana akhera, yeye alidhani ni utani. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwauliza masahaba wake: mnamjua nani aliyefilisika? Wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia, aliyefilisika katika umma wangu ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, ilhali kamtukana huyu, kamsingizia yule, kala mali ya huyu, kampiga yule. Watagaiwa mema yake. Yakiisha kabla madeni hayajaisha, atabebeshwa dhambi zao, kisha atupwe Motoni. Imo katika Sahih Muslim. Humo humo imo kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Shahidi! Mtu aliyemwaga damu yake kwa ajili ya Mungu. Sembuse wewe na mimi na abaya zetu.

Ndiyo maana nasema tumekosea tangu mwanzo tunavyolipanga jambo hili. Tunadhani kusawazisha dunia na akhera ni kugawana saa: hizi za msikitini ni za akhera, hizi za dukani ni za dunia, kwa hiyo mwenye kukaa sana dukani kapunjika. Fungua Qurani uangalie aya iliyo ndefu kuliko zote. Haihusu swala, haihusu funga wala hija. Ni al-Baqara 282, na inahusu kuandikiana deni: mwandishi awe muadilifu, mdaiwa ndiye aseme anachodaiwa, mashahidi wawepo, wala msichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Mungu katumia aya ndefu kupita zote kufundisha mambo ya daftari la kaunta. Halafu mtu anakwambia daftari ni dunia.

Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hana kitu, Saad bin Rabii, mwenyeji wake, alitaka kumpa nusu ya mali yake yote. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akasema nionyesheni soko lilipo. Akaenda soko la Banu Qaynuqa, akaanza na samli na jibini. Huyo ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na alianzia sokoni asubuhi kama wewe na kava zako.

Kijana wangu hakuniambia kama ana mke. Kama anaye, amsome Umm Dardaa. Salman al-Farsi alikwenda kumtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mkewe kavaa hovyo, hana hali. Akamuuliza una nini? Akajibu: ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Wahubiri wengi wakifika hapo wanakimbilia sehemu ya Salman kumlazimisha mwenyeji wake afungue swaumu ya sunna ale, na usiku kumwambia alale kwanza. Mimi muuza nguo hubaki kwenye nguo za yule mama. Salman alilijua tatizo la nyumba ile kwa vazi la mke kabla ya kuona ibada ya mume. Akamwambia Abu Dardaa: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na ahali zako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema Salman kasema kweli. Sasa wewe uza mzigo, kakae msikitini, mkeo akaazime mchele kwa jirani. Utakuwa umemwachia nani haki yake?

Nisisahau: kuna maneno mnayabandika sana kwenye hali zenu za simu, "fanya kwa dunia yako kama utaishi milele, na kwa akhera yako kama utakufa kesho," mnayaita hadithi. Si hadithi ya Mtume. Wanazuoni wa hadithi hawakuyathibitisha kwake. Maana yake inaweza kuwa nzuri, ila usimsemee Mtume asilosema kwa sababu limepambwa na picha ya machweo.

Haya, ushauri wenyewe, maana najua mtasema dada umesimulia tu.

Alasiri. Kariakoo ndiyo saa mbaya kuliko zote, wateja wa mikoani wanakimbizana kuwahisha mizigo kwenye mabasi. Mimi mswala uko chini ya meza, udhu nautia mapema kabla wakati haujaingia. Adhana ikilia, winga wangu, anayeniitia wateja, anajua neno la kusema: dada anaswali, kaa hapo kwenye stuli. Rakaa nne. Wanasubiri. Asiyesubiri namwombea kheri huko aendako. Wewe wa kibarazani mwombe jirani akuangalizie, kisha umwangalizie na yeye. Usingoje duka likae kimya, duka zuri halikai kimya.

Zaka. Chagua tarehe yako katika mwezi wa Kiislamu na usiihamishe. Siku hiyo hesabu mzigo wote kwa bei ya sokoni ya siku ile, si ile uliyonunulia, jumlisha fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na mwaka umetimia, toa asilimia 2.5. Ukihesabu kwa Januari hadi Desemba unajidanganya, kwa kuwa mwaka wetu ni mfupi kwa siku 11 hivi, na ndani ya miaka 33 utakuwa umeruka zaka ya mwaka mzima bila kujua. Maskini atakudai, na yeye hana daftari, anaye Mungu.

Wasia. Mtume kasema haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Tangu tumzike baba, wangu upo. Usizidishe theluthi, na usimuusie mrithi, mrithi keshagawiwa na Mungu. Ukiogopa utapotea au kuchanwa, RITA, wakala wa serikali, wanapokea wasia na kuutunza. Lakini orodha ya wanaokudai iweke nyumbani, mahali mkeo au mama yako anaweza kuinyanyua siku hiyo hiyo.

Na kumi la mwisho la Ramadhani, ambalo ndilo jihadi yetu sisi wauza nguo. Usiku bora wa mwaka ndio usiku wa wateja wa Idi. Mimi nimesogeza msimu: jumla naiuza Rajabu na Shaaban, kumi la mwisho fremu anakaa mdogo wangu mpaka Magharibi, kisha tunafunga. Jirani zangu wanauza mpaka saa nane za usiku. Ninachokosa nakijua kwa shilingi. Wenye rejareja ndogo wasinifuate kichwa kichwa, wengine kodi ya fremu inalipwa na siku zile kumi. Uza, ila usiape uongo kwamba umenunua ghali, wala usimwambie mtu aliyekupa mali kauli tutalipana akhera.

Enhe, nimemrudia tena yule baba. Mnisamehe. Au msinisamehe, nimesema kweli.

Mdogo wangu wa chaji, kusoma dini soma, darsa za baada ya Magharibi ziko tele hapo hapo Kariakoo, na kava hazitaharibika ukiziweka ndani saa kumi na mbili. Ila kabla hatujaongea tena habari ya kuuza mzigo, niandikie kitu kimoja: ule mzigo umeulipia wote, au kuna mtu anakudai?