Usiinue pua ya kamera pale Boma la Iringa

Mkuu, hebu ngoja kwanza. Umeandika kwamba Jumamosi unaenda kupiga Boma la Iringa kwa lenzi pana ya milimita 16, utasogea karibu na ukuta ili magari yaliyoegeshwa yasiingie kwenye picha, utainua kamera kidogo paa lipate nafasi, halafu "mistari nitainyoosha kwenye Lightroom", ile programu ya kuhariri picha. Nilipofika kwenye hiyo sentensi ya mwisho nikaweka kikombe cha chai chini. Hayo maneno nayajua. Nimeyalipia.

Mwaka juzi mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliniagiza picha sita kubwa za lile Boma, nne za nje na mbili za ndani, za kutundika sebuleni kwa wageni wake. Marehemu baba yake aliwahi kuitwa mle kwa kesi ya shamba. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 likawa hospitali ya jeshi, Waingereza wakalifanya ofisi, na makumbusho yamefunguliwa 2016 tu. Kwa hiyo wazee wa pale wanalijua kama mahali pa kuitwa, si pa kutalii. Mama alitaka lionekane hivyo hivyo, limesimama kwa heshima zake.

Mimi nikaenda kulilaza chali.

Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku moja ya jamaa fulani, shilingi elfu hamsini na chakula unajitegemea. Mtu ana kizibao chenye mifuko kumi na mbili na hakuna hata mmoja wenye akili. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Piga tu, kompyuta itanyoosha." Aliurudia mara nyingi mpaka nikauandika kwenye daftari na kuupigia mstari. Daftari bado ninalo, nalitunza kama ushahidi. Baadaye ndiyo nikagundua kazi zake zote ni za harusi. Bwana harusi hana kona nne!

Basi nikasogea karibu, nikainua pua ya kamera, kuta zikaanza kukutana juu kama hema. Sikujali, si kompyuta itanyoosha? Nyumbani nikavuta kile kitufe cha kunyoosha, kweli, mistari ikasimama. Lakini angalia kinachotokea, maana hapa ndipo pesa ilipopotelea. Ukinyoosha ukuta ulioegemea nyuma, programu inatanua sehemu ya juu ya picha kwenda kulia na kushoto. Picha inakuwa pana juu, nyembamba chini. Ukiirudisha kwenye mstatili, pembe mbili za juu zinakatwa, na kwenye pembe hizo ndiko zilikokuwa ncha za paa langu. Kilichobaki juu nacho kimevutwa kama chapati: madirisha ya chini yamekaa vizuri, ya juu marefu na yamefifia. Na mlinzi niliyemwomba asimame pembeni ili ukubwa wa jengo uonekane, ile lenzi pana ilimvuta kichwa mpaka kikawa kama gunzi.

Kamera yangu inatoa pikseli, yaani zile nukta za picha, 6000 kwa 4000. Ukichapisha nukta 150 kwa inchi, 6000 zinakupa mita moja ya upana, ndiyo saizi aliyoitaka mama. Baada ya kunyoosha na kukata nilibaki na kama 4100, hazitoshi tena hiyo mita. Kwenye simu hazikuonyesha tatizo. Nikachapisha zote sita kwenye kanvasi, sabini elfu moja.

Mama akazipanga ukutani, akarudi nyuma, akakunja mikono. Kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, hili Boma limekunywa ulanzi? Na paa lake umempa nani?"

Za ndani alichukua. Za nje nne nikarudi nazo Mafinga kwenye basi, nimezikumbatia kama mgonjwa. Laki mbili na themanini hiyo, nauli sijaweka. Mbili zimeziba upepo kwenye banda la kuku. Kuku hawajalalamika, ila nao hawajui jengo la zamani.

Kwa hiyo sikiliza: USIINUE PUA YA KAMERA. Fundi aliyejenga ule ukuta aliusimamisha kwa timazi, na wewe simamisha kamera kwa timazi. Tia tripodi, angalia kile kiputo cha pimamaji kikae katikati, halafu usiguse. Paa haliingii? Rudi nyuma. Bado? Rudi tena, ila tazama bodaboda. Utaona nusu ya chini ya picha ni vumbi na mawe matupu, na hapo ndipo wengi mnapata kiwewe mnainua kamera. Acha hilo vumbi! Utalikata baadaye, na ukikata chini, pikseli zako 6000 za upana zinabaki zote.

Ukigota huwezi kurudi nyuma, panda juu. Mara ya pili niliazima ngazi ya fundi rangi, kamera ikafika karibu usawa wa katikati ya ukuta, jengo likakaa kama mzee kwenye kigoda. Au geuza kamera wima, piga vipande vitano bila kuinamisha, uje uviunge. Kuna zile lenzi za kusogeza kioo juu bila kuinua kamera, kama Canon TS-E 24, lakini bei yake ni pikipiki mpya, na mimi nilishampa semina elfu hamsini.

Uliuliza pia saa ya kwenda. Inategemea ukuta. Mwezi wa sita na wa saba jua la huku kwetu linapita kaskazini, kwa hiyo upande unaotazama kusini utashinda kivulini hata ukeshe pale. Kibali omba mapokezi kabla hujafungua begi, na kama unauza picha useme unauza. Kuna kitu kingine uliuliza, nadhani habari ya picha nyeusi na nyeupe, sijui. Rangi yoyote, mradi ukuta umesimama.

Hiyo 16 iache nyumbani, au ibebe ila ikae kwenye begi. Ukirudi Jumamosi jioni tupia hapa picha moja ikiwa mbichi, kabla hujainyoosha na kabla hujaenda kwa mchapishaji. Nataka kuona ncha mbili za paa.