Anza na uzi mmoja wa gitaa

Wewe unayeanza kutafuta hesabu ndani ya muziki, acha kwanza vitabu vya nadharia. Azima gitaa, rula na kikokotoo, kisha ushughulike na uzi mmoja tu.

Magitaa mengi ya nyuzi za nailoni yana uzi wa sentimita 65 hivi, kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja. Uguse katikati kwa ncha ya kidole, bila kuukandamiza, kisha upige. Ikiwa uzi mtupu ni do, utasikia do ya juu. Gusa kwenye theluthi, kama sentimita 21.7: so. Robo hutoa do nyingine, na sehemu ya tano, sentimita 13, hutoa mi. Rudia siku kadhaa, hadi sikio litambue theluthi bila msaada wa rula. Wengi huruka hatua hii, nami naona ndiyo tamu kuliko zote.

Sasa chukua kikokotoo. Kupanda kutoka do hadi so ni kuzidisha masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa 1.5. Ukipanda hivyo mara 12 ungetarajia kuangukia do ileile, oktavu 7 juu; oktavu ni kutoka do hadi do inayofuata, masafa yakizidishwa kwa 2. Lakini 1.5 ikizidishwa mara 12 ni karibu 129.75, na 2 ikizidishwa mara 7 ni 128. Hazikutani, wala hazitakutana hata ukiendelea milele: 1.5 ni 3 kugawa kwa 2, na 3 ikijizidisha hubaki witiri, 2 hubaki shufwa. Ndiyo maana gitaa na kinanda vya leo hugawa pengo hilo kidogo kidogo. Kila nusu-toni, yaani moja ya hatua 12 sawa za oktavu, huzidisha masafa kwa karibu 1.0595, na so ya vyombo hivyo iko chini kidogo ya so halisi. Jaribu kuisikia.

Kuhusu mdundo nitasema kifupi. Hesabu hadi 12 na upige makofi kwa nafasi za 2-2-1-2-2-2-1, yaani kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Huo ni mpigo maarufu wa kengele wa Waewe wa Ghana na Togo, na namba hizohizo, kwa nusu-toni, ndizo hatua za do re mi. Usiharakishe kudai sababu. Wapo wanaolazimisha namba wanazozipenda kila mahali, na huko ndiko burudani hii huharibika. Wewe cheza nayo: anza mzunguko kwenye kofi la sita badala ya la kwanza, upate 2-1-2-2-1-2-2, kisha imba hatua hizo ukianzia noti ya la.