Skii zinapaa, nyuma inachimba

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina snoumobili (pikipiki ya theluji) ya milimani, mkanda mkubwa wa chini unaoisukuma ni inchi 155, kwenye theluji laini ya kina nikipanda mlima tu pua inanyanyuka, skii (vile vibao vya mbele vya kukatia kona) hazishiki, nyuma inajichimbia mpaka nakwama. Nibadilishe shokapu zote?

JIBU: Salama ndugu. Shokapu ziache kwanza, usimwage hela bure. Anza na springi ya nyuma: vaa nguo zako zote za safari na begi mgongoni, panda, mtu akupimie bampa ya nyuma imeshuka kiasi gani kutoka pale ilipokuwa haina mzigo kabisa, maana springi ikiwa laini kuliko uzito wako nyuma inakaa chini na pua lazima ipae, hapo ongeza prilodi, yaani ibane springi zaidi kabla haijabeba mzigo, kidogo kidogo.

Halafu kuna ule mkanda mfupi unaozuia mbele ya reli za saspensheni, zile ndefu zilizo ndani ya mkanda mkubwa, isishuke sana. Ukiukaza tundu moja, reli zinalala zaidi, skii zinabaki chini na mashine inapanda juu ya theluji badala ya kuichimba. Kama iko miwili kaza sawasawa, usikaze mmoja ukaacha mwingine! Na ukimaliza cheki ukazo wa mkanda mkubwa, huwa unabadilika.

Ila usizidishe, pua ikigoma kabisa kunyanyuka utasumbuka kuigeuza porini. Badilisha kitu kimoja, kajaribu mlima uleule, ndo uguse kingine.